Maury Wills kabla ya besi 104: miaka minane na nusu ya kusubiri besi ya kwanza

Wapenzi wa besiboli wakimtaja Maury Wills huanzia mwaka 1962, alipoiba besi 104 katika msimu mmoja na kuivunja rekodi ya Ty Cobb iliyodumu tangu 1915. Mimi naona utamu wa habari yake uko nyuma ya hapo. Wills alisaini na Brooklyn Dodgers mwaka 1950 akiwa na miaka 17. Mchezo wake wa kwanza wa ligi kuu aliucheza Juni 6, 1959, akiwa na miaka 26. Katikati alizunguka ligi za chini miaka minane na nusu, na mbio zake zilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kufika besi ya kwanza, kwa sababu besi ya pili haiibiwi na mtu aliyekaa benchi.

Kwa ambaye mchezo huu bado haujamkaa vizuri, picha ni hii. Besi nne zimepangwa kama mraba, kila upande mita 27.4. Mrushaji anasimama katikati, juu ya kichuguu, mita 18.44 kutoka besi ya nyumbani, ambako mpigaji anangoja na beti yake na mdakaji amechuchumaa nyuma yake. Shotistopu ni mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na ndiye anayefikiwa na mipira mingi migumu ya chini. Mchezaji akishafika besi ya kwanza anaruhusiwa kukimbilia ya pili wakati wowote, hata kama mwenzake hajaugusa mpira. Akifika kabla ya mpira, ameiba besi. Akiguswa na mpira kabla hajafika, ametolewa, na timu yake imepoteza mtu mmoja kati ya watatu inaoruhusiwa kupoteza kwa kila zamu. Ndiyo maana wizi wa besi una hesabu kali kuliko watazamaji wengi wanavyodhani: ukikamatwa zaidi ya mara tatu kwa kila majaribio kumi, timu ingepata faida zaidi kama ungetulia tu.

Wills alizaliwa Washington, D.C., mwaka 1932, katika familia ya watoto 13. Katika shule ya sekondari ya Cardozo alicheza besiboli, mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani, na kwenye besiboli alijiona mrushaji. Dodgers walimsaini kwa dola 500. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Jackie Robinson, akiwa na jezi ya klabu hiyohiyo, avunje ukuta uliowazuia wachezaji weusi kuingia ligi kuu. Kwa kijana mweusi wa Washington, Dodgers ilikuwa klabu ya ndoto.

Ilikuwa pia klabu mbaya kuliko zote kwa shotistopu asiyejulikana. Nafasi hiyo Brooklyn ilikuwa ya Pee Wee Reese, nahodha wa timu, na Reese hakuwa na haraka ya kuondoka. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Mikataba ya enzi hizo iliipa klabu haki ya kumbakiza mchezaji mwaka hadi mwaka, kwa hiyo aliyezibiwa njia hakuweza kufungasha virago akatafute timu yenye uhaba wa shotistopu. Alikaa alipowekwa. Akitakiwa kwingine, ni klabu iliyoamua kumuuza au kumwazima.

Ligi za chini wakati huo zilipangwa kwa herufi, kutoka D chini kabisa hadi AAA, mlangoni mwa ligi kuu. Wills alianza D, katika mji wa Hornell, jimbo la New York, mwaka 1951, akaiba besi zaidi ya 50 msimu huohuo. Akapelekwa Pueblo, Colorado. Mwaka 1955 alikuwa Fort Worth, Texas, ambako mchezaji mweusi alitengwa na wenzake katika hoteli na mikahawa hata kama alikuwa ameipa timu ushindi saa moja iliyopita. Mwaka 1956 akarudishwa Pueblo, yaani ngazi moja chini. Mwaka 1957 akawa Seattle, na 1958 akafika Spokane, jimbo la Washington, timu ya AAA ya Dodgers. Klabu kuu nayo ilikuwa imehama mwaka huo kutoka Brooklyn kwenda Los Angeles.

Ukitazama orodha ya vituo hivyo unaweza kudhani walimsahau. Nadhani walimwona vizuri tu. Walimwona shotistopu mwenye mikono mizuri na mbio nyingi asiyeweza kupiga mpira uliopinda.

Tatizo lilikuwa hili. Wills alizaliwa mtu wa mkono wa kulia na alipiga kwa upande wa kulia. Mpira uliopinda wa mrushaji wa mkono wa kulia huanza safari yake kana kwamba unaelekea bega au sikio la mpigaji wa namna hiyo, halafu hukata kona kwenda mbali naye. Mpigaji mwenye hofu anautoa mguu wa mbele nje, kuelekea besi ya tatu, kabla mpira haujakata kona. Mguu ukishatoka, nyonga imefunguka. Nyonga ikifunguka, beti haifiki upande wa nje wa besi ya nyumbani, na anachoambulia ni kupiga hewa au kuukwangua mpira kwa ncha ya beti. Unaweza kumwambia mtu asimame imara mara elfu moja, lakini jicho lake likiona mpira unamjia usoni mguu utatoka wenyewe. Na warushaji wengi, wakati ule kama sasa, ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo udhaifu huo ulimkuta karibu kila siku.

Bobby Bragan, kocha mkuu wa Spokane, ndiye aliyemwambia ajaribu kupiga kwa upande wa kushoto dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia, na kubaki kulia dhidi ya wale wa kushoto. Wills alikuwa na miaka 25. Kujifunza upande wa pili katika umri huo si jambo dogo. Mkono unaoongoza beti unabadilika, jicho linaloutangulia mpira linabadilika, na mguu unaobeba uzito unabadilika. Wachezaji wengi huanza utotoni, na hata hao hubaki na upande mmoja ulio dhaifu. Ila kwa Wills faida zilikuwa tatu kwa mpigo, na kila moja ilihusu tatizo lake halisi.

Kwanza, mpira uliopinda sasa ulikuwa unamjia badala ya kumkimbia. Aliuona muda mrefu zaidi, na hakuwa na sababu ya kutoa mguu.

Pili, alisogea karibu na besi ya kwanza. Kutoka katikati ya kisanduku cha mpigaji wa kulia hadi katikati ya kile cha kushoto ni karibu mita mbili, na ukipima kwa mwelekeo wa besi ya kwanza faida ni mita moja na nusu hivi. Ongeza kwamba mzunguko wa beti ya kushoto unaugeuza mwili kuelekea kule anakokimbilia, wakati ule wa kulia unaugeuza kwenda besi ya tatu. Jumla ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mpira wa chini uliopigwa kwa shotistopu, ukadakwa na kurushwa vizuri, hufika besi ya kwanza kwa zaidi kidogo ya sekunde nne, na mkimbiaji wa kasi hufika muda uleule. Hapo sehemu ya kumi ya sekunde ndiyo tofauti kati ya kutolewa na kubaki.

Tatu, na hili huwa halisemwi sana, upande mpya ulimlazimisha aache kujidanganya kwamba ni mpigaji wa nguvu. Mwanamume wa mita 1.80 na kilo 75 hivi hana haja ya kuurusha mpira juu. Mpira wa juu unadakwa, na mbio hazina kazi. Mpira wa chini lazima udakwe, ushikwe vizuri, urushwe, upokelewe, na kila hatua inaweza kuharibika mlinzi akijua nani anakimbia.

Kupiga kwa namna hiyo kuna kosa lake kuu: kuanza kukimbia kabla ya kupiga. Mpigaji wa kushoto mwenye haraka huuachia mguu wa nyuma mapema, mwili unaondoka kuelekea besi ya kwanza na mikono inabaki nyuma ikijinyoosha. Mpira unaruka juu kidogo na kudakwa kirahisi. Dawa yake ni kuacha mpira ufike, kuupiga sehemu yake ya juu kuelekea upande wa besi ya tatu, ambako mrusho wa kurudi ni mrefu kuliko yote, na kuondoka baada ya beti kugusa.

Silaha ya pili ilikuwa banti, yaani kuugusa mpira tu ili ufe karibu. Mkono wa juu unapanda hadi katikati ya beti, vidole vikiwa nyuma yake visije vikapondwa. Beti inashikwa juu ya usawa wa mpira, na mpira ukija chini mpigaji anashuka kwa magoti, si kwa mikono. Akishusha mikono, ncha ya beti inaanguka na mpira unapaa moja kwa moja kwenye glavu ya mdakaji. Banti ya kuelekea besi ya tatu inatakiwa ikae kwenye nyasi, mbali na mrushaji na mbali na mlinzi wa besi ya tatu. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi hata usipoitumia. Mlinzi wa besi ya tatu akisogea mbele kuiogopa, nafasi nyuma yake inapanuka, na mpira wa chini wa kawaida unapita.

Hata baada ya hayo, Dodgers hawakuwa na uhakika. Baada ya msimu wa 1958 walimuuza kwa majaribio kwa Detroit Tigers, bei dola 35,000, kwa makubaliano kwamba Detroit wasiporidhika wanamrudisha. Alifanya nao mazoezi ya kabla ya msimu 1959, hawakuridhika, akarudi Spokane. Kampuni ya kadi za wachezaji ya Topps nayo haikumwona kuwa mtu wa ligi kuu na haikumsaini alipokuwa chini. Kadi yake ya kwanza ya Topps ilitoka mwaka 1967, alipokuwa ameshakuwa mchezaji bora wa ligi na kuzeeka kidogo.

Mlango ulifunguliwa na kidole cha mguu. Don Zimmer, aliyekuwa amerithi nafasi ya Reese, alivunjika kidole mapema msimu wa 1959, na alikuwa anapiga vibaya hata kabla ya hapo. Wills akaitwa Juni. Katika michezo 83 alipiga wastani wa 0.260, yaani alifanikiwa mara 26 kwa kila majaribio 100 ya kupiga, na kuiba besi 7 tu. Saba! Mwaka huohuo Luis Aparicio, shotistopu wa Chicago White Sox, aliiba 56. Dodgers walimaliza sawa na Milwaukee Braves, wakawashinda katika michezo ya ziada, kisha wakaifunga Chicago kwa michezo minne dhidi ya miwili kwenye fainali. Wills alikuwa bingwa wa dunia miezi minne tu baada ya kutoka Spokane, lakini bado hakuwa mwizi wa besi.

Mwaka 1960 ulianza vibaya. Alikuwa hapigi, na kocha mkuu Walter Alston alikuwa akimtoa mapema mchezoni ili aingize mpigaji mwingine kila nafasi nzuri ilipotokea. Kwa mchezaji aliyesubiri miaka minane na nusu, kutolewa kwenye zamu za mwanzo ni dharau inayouma. Aliyemshika mkono ni kocha Pete Reiser, mtu aliyelijua jambo hili kwa undani: mwaka 1942 na 1946 aliongoza Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu na ndiyo ya Dodgers, kwa kuiba besi, na mwaka huo wa 1946 aliiba besi ya nyumbani mara saba. Reiser alimfanyisha mazoezi ya ziada ya kupiga kabla ya wenzao kufika uwanjani. Wills alimaliza msimu na wastani wa 0.295 na besi 50 za kuiba. Hakuna mchezaji wa Ligi ya Taifa aliyefikisha 50 tangu Max Carey mwaka 1923.

Sasa tuufungue wizi wenyewe, kwa sababu hapa watu hutaja mbio na kuishia hapo.

Mrushaji anapoanza kusogea hadi mpira utue kwenye glavu ya mdakaji, hupita sekunde 1.3 hadi 1.5. Mdakaji kuunyanyua, kuurusha mita 38.8 na kuufikisha besi ya pili ni sekunde 2 hivi. Jumla ni kati ya 3.3 na 3.5. Mkimbiaji mzuri aliyesogea mita tatu na nusu kutoka besi ya kwanza anaikamilisha safari kwa 3.3 au 3.4. Kwa maneno mengine, mdakaji hodari na mkimbiaji hodari wako sawa, na anayeibiwa kwa kweli ni mrushaji. Miaka ya 1950 ilikuwa enzi ya kungojea mapigo makubwa ya kutoka nje ya uwanja. Timu ziliacha kukimbia, na warushaji wengi walizoea kunyanyua mguu juu taratibu hata kukiwa na mtu besi ya kwanza. Sekunde zilikuwa zimelala hapo zikisubiri mtu wa kuziokota.

Mkimbiaji anatoka kwenye besi kwa hatua za pembeni, bila kupishanisha miguu, maana mrushaji akirusha ghafla wakati miguu imepishana hakuna njia ya kurudi. Umbali sahihi ni ule unaoweza kurudi kwa hatua moja na kujitupa chini mkono ukigusa besi. Uzito unakaa katikati. Kosa la wanaoanza ni kuegemea besi ya pili. Wanadhani wamejiongezea mwanzo, kumbe wamemwambia mrushaji nia yao na wamejifunga wasiweze kurudi. Mguu wa kulia unafunguliwa kidogo kuelekea besi ya pili, ili hatua ya kwanza iwe ya mguu wa kushoto ukipita mbele ya wa kulia, mwili ukibaki chini. Anayesimama wima kwanza ndipo akimbie amepoteza ile sehemu ya kumi ya sekunde aliyoitafuta.

Macho yako kwa mrushaji. Wa mkono wa kulia ni rahisi kumsoma: kisigino cha mguu wa nyuma kikinyanyuka kwanza, anageuka kurusha besi ya kwanza, na mguu wa mbele ukinyanyuka kwanza, anakwenda nyumbani na wewe ondoka. Juu ya hapo kuna mazoea. Wapo wanaotazama besi ya kwanza mara mbili tu kila wakati, wakishatazama ya pili hawarudi tena. Wapo wanaoushika mpira kwa muda uleule kila mara, kiasi kwamba unaweza kuwahesabia. Wa mkono wa kushoto ni mgumu zaidi kwa sababu anakutazama usoni. Kanuni inamtaka apige hatua kuelekea besi anayoirushia, na mguu wake ulio huru ukishapita nyuma ya ukingo wa kibao cha kurushia hawezi tena kukurushia wewe. Wajanja huishia pembeni kabisa mwa mpaka huo, na mkimbiaji analazimika kubahatisha.

Kuna ujanja mmoja aliousisitiza Wills ambao naupenda kuliko yote: kusogea mbali kupita kawaida, zaidi ya mita nne, huku nia nzima ikiwa ni kurudi. Mrushaji anaona mawindo, anarusha besi ya kwanza kwa mbinu yake bora kabisa, na mkimbiaji, ambaye alikuwa anarudi tayari, anarudi salama. Hajapoteza kitu, na ameishaiona silaha ambayo mrushaji alitaka kuificha hadi zamu ya nane. Mchezaji mwenye nafasi ya kufika besi ya kwanza mara mbili au tatu kwa mchezo anaweza kuitumia ya kwanza kama darasa na ya pili kama mtihani.

Kisha kuna kuchagua mpira. Mpira wa kasi wa kilomita 145 kwa saa unachukua kama sekunde 0.42 kutoka mkononi hadi nyumbani, na ule uliopinda wa kilomita 120 unachukua 0.5. Tena uliopinda hufika chini, mara nyingine vumbini, na mdakaji anaupokea kwa shida. Ukikimbia kwenye mpira uliopinda umepewa zawadi ya sehemu ya kumi ya sekunde nyingine.

Mwisho ni kuserereka. Unaanza mita tatu hivi kabla ya besi, mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine, makalio yakibeba uzito na mikono juu. Ukichelewa, njumu inajikita kwenye besi mwili ukiwa bado na kasi, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Ukiwahi sana unasimama kabla ya kufika. Anayefanya hivyo mara mia kwa msimu anachubuka nyonga na paja pahali palepale, kidonda hakipati nafasi ya kukauka, na msuli wa nyuma ya paja unavuja damu ndani kwa ndani kwa kuanza mbio kwa mshtuko kila siku. Mwishoni mwa 1962 miguu ya Wills ilikuwa imevimba na kufungwa bendeji, na bado hakupumzika.

Katikati kuna mwaka 1961, ambao hauna utukufu lakini una funzo la hesabu: aliiba besi 35 na kukamatwa mara 15. Hiyo ni asilimia 70, mpakani kabisa mwa faida. Hata hivyo zilitosha kuongoza ligi, ambayo inaonyesha jinsi wengine walivyokuwa wametulia. Mwaka huo ndipo alipopata pia Glavu ya Dhahabu yake ya kwanza kwa ulinzi, na 1962 akapata ya pili, kwa hiyo asichukuliwe kama mkimbiaji aliyefichwa kwenye nafasi ya shotistopu.

Mwaka 1962 Dodgers walihamia Dodger Stadium, na Ligi ya Taifa ikaongeza timu mbili na kuufanya msimu uwe wa michezo 162. Wills alipiga wa kwanza, Jim Gilliam akimfuata. Gilliam anastahili sifa nyingi kuliko anazopewa. Alikuwa na jicho la subira, na aliacha mipira mizuri ipite, akijitia yeye mwenyewe kwenye shida, ili Wills apate mpira wa kuibia. Akipiga kwa upande wa kushoto, alisimama kati ya macho ya mdakaji na besi ya kwanza. Na mlinzi wa besi ya kwanza alipolazimika kubaki karibu na besi kumzuia Wills, pengo lilifunguka upande ambao mpigaji wa kushoto huupenda. Wills akishafika ya pili, Tommy Davis, aliyeleta nyumbani pointi 153 mwaka huo, alihitaji pigo moja tu la kawaida.

San Francisco Giants walitafuta dawa ardhini. Timu hizo zilipokutana Candlestick Park mwezi Agosti, mtunza uwanja Matty Schwab aliloweka eneo la kuanzia mbio karibu na besi ya kwanza, akachanganya mchanga na mboji ili njumu zizame. Waamuzi waliamuru mchanganyiko uondolewe, lakini palibaki laini na penye maji, na Giants wakashinda michezo yote mitatu. Dawa hiyo ilifaa kwa sababu iligusa hatua ya kwanza, mahali penyewe ambapo wizi wa Wills ulianzia.

Septemba 23, mjini St. Louis, katika mchezo wa 156 wa Dodgers, aliiba ya 96 na ya 97. Cobb naye alizipata 96 zake katika michezo 156, kwa hiyo urefu wa msimu mpya haukuwa siri ya rekodi hiyo. Mwisho wa msimu alikuwa na 104 na amekamatwa mara 13, karibu asilimia 89. Ukiacha Dodgers, hakuna timu nzima ya ligi kuu iliyofikisha 100 mwaka huo. Alipigiwa kura ya mchezaji bora wa Ligi ya Taifa kwa pointi 209, mbele ya Willie Mays mwenye 202.

Besi ya 104 yenyewe ilikuwa ya tatu, Oktoba 3, katika mchezo wa mwisho wa michezo mitatu ya ziada dhidi ya Giants haohao, baada ya timu hizo kumaliza msimu sawa. Ulikuwa mchezo wake wa 165 mwaka huo. Katika zamu ya saba alipiga pigo safi, akaiba ya pili, akaiba ya tatu, mrusho wa mdakaji ukampita mlinzi hadi uwanja wa nje, na Wills akainuka na kukimbia nyumbani. Dodgers wakawa mbele 4–2. Zamu ya tisa Giants walipata pointi nne, wakashinda 6–4 na kwenda fainali.